Goti au mbio, kubamiza au kucheza: maamuzi ya sekunde za mwisho kwenye futiboli ya vyuo, tuyaweke sambamba

Kijana wa dada yangu anacheza mpira wa yai, yaani futiboli ya Kimarekani, kwenye timu ya shule hapa Ohio, na kila Jumamosi tukikaa kuangalia mechi za vyuo tuna mchezo wetu, ikifika robo ya nne na tofauti ni pointi chache nasimamisha TV kwa rimoti, namuuliza haya wewe ndo kocha unafanyaje, anajibu, alafu naachia tuone kocha anayelipwa mamilioni kafanya nini. Aisee mara nyingi mno kijana wa miaka 15 anamshinda. Sasa wabongo wengi huku bado wanaona huu mchezo ni vurugu tu, na wengine wanacheza gemu yake kwenye pleisteshen wanapigwa sekunde za mwisho wakiwa wanaongoza, ndo nikaona nichukue yale maamuzi makubwa niyaweke mawili mawili, hili na hili, niseme mi nachagua lipi na kwanini.

Kwanza saa, maana usipoielewa saa mengine yote yatakupita. Sisi tumekulia soka, dakika ya 87 kipa kajilaza kashika paja, daktari wa timu anaingia anatembea kama yuko harusini, na refa ndo anajua zimebaki ngapi. Huku hakuna hiyo. Saa iko juu uwanja mzima unaiona, ikisoma sifuri ni sifuri, labda beki (timu inayozuia) wafanye kosa kwenye mchezo wa mwisho ndo unaongezwa mmoja. Kila timu ina taimauti 3, yaani nafasi za kusimamisha saa, kwa kila nusu. Mtu akiangushwa ndani ya uwanja saa inaendelea kula, na wenye mpira wana sekunde 40 kuanzisha mchezo unaofuata, wakitaka watazitumia zote. Pasi ikianguka chini saa inasimama, na kwenye dakika 2 za mwisho ukitoka nje ya mstari pia inasimama. Vyuo vina kimoja cha kwao, ukipata dauni mpya (dauni ni jaribio, unapewa manne kusogea yadi 10, ukizifikisha unaanza upya) saa inasimama kidogo wale wa minyororo ya kupimia yadi wasogee, zamani ilikuwa mechi nzima ila tangu 2023 ni dakika 2 za mwisho za kila nusu tu. Alafu 2024 wakaleta mapumziko ya lazima ikifika dakika 2 kamili, kama kwenye ligi ya wakubwa, NFL. Hilo la mwisho lishike, tutarudi nalo.

UNAONGOZA NA MPIRA UNAO: GOTI AU MBIO?

Goti ni hivi, kwotabeki, yule anayeanza na mpira na kurusha pasi, anapokea mpira, anashusha goti chini, basi, dauni hiyo imekwisha, hakuna aliyegongana na mtu. Umepoteza yadi moja mbili ila saa inatembea. Mbio ni kumpa mkimbiaji akatafute zile yadi 10, akizipata una dauni mpya na mechi umeifunga kabisa. Goti karibu halina hatari yoyote. Mbio zina hatari moja, mpira kumponyoka mtu, na hiyo moja inatosha.

Hapa mi sibishani kwa hisia, nina karatasi nimeibandika kwenye friji. Tumeandika na kijana kwa kalamu ya wino wa kijani, imeshapata doa la mchuzi pembeni lakini namba zinasomeka. Chukua uko dauni ya kwanza, unapiga goti tatu, kila goti linakula sekunde 2, na baada ya kila goti unaacha saa ikimbie sekunde 39:

wapinzani hawana taimauti: unaua sekunde 123
wana moja: 84
wana mbili: 45
wana zote tatu: 6 basi

Ukiwa dauni ya pili toa 41 kwenye ile mistari mitatu ya juu. Na kama unaanza goti kabla ya ile dakika 2 kamili, yale mapumziko ya lazima wahesabie wapinzani kama taimauti ya bure. Kazi yote ya kocha hapo ni kuangalia ubaoni, kulinganisha na karatasi, kuamua. Kama saa ni ndogo kuliko namba yako, piga goti nenda nyumbani.

Sasa Oktoba 7, 2023, Miami wanaongoza 20-17 nyumbani dhidi ya Georgia Tech. Zimebaki sekunde 30 na ushee, dauni ya tatu, mpira wa Miami, na Georgia Tech hawana taimauti hata moja. Hebu fikiria, sekunde za kuanzisha mchezo unaofuata ni 40 na saa ina 30 na kitu. Goti moja. Moja tu, alafu mnasimama mnaangaliana saa ijimalize, mnapeana mikono. Kocha Mario Cristobal akamkabidhi mkimbiaji mpira, mkimbiaji akabanwa, mpira ukatoka, Georgia Tech wakauokota ndani kabisa upande wao. Bado ilikuwa ngumu sana kwao, yadi 74 na sekunde kama 25. Pasi ya kwanza yadi 30. Baadaye pasi ya yadi 44, mtu kaachwa peke yake nyuma ya mabeki, tachidauni (mpira umefika mpaka ndani, pointi 6), sekunde 1 kwenye saa. 23-20. Kocha mwenyewe baada ya mechi alikiri walitakiwa kupiga goti.

Kinachouma ni kwamba huyuhuyu Cristobal Septemba 2018 akiwa Oregon ilimtokea karibu hivyohivyo na Stanford, anaongoza 31-28, chini ya dakika moja, mkimbiaji akadondosha mpira, Stanford wakasawazisha kwa fildi goli (teke la kupitisha mpira kati ya nguzo, pointi 3) wakaenda kushinda 38-31 ovataimu, yaani muda wa nyongeza. Ila niwe mkweli, ile ya 2018 mi simlaumu kihivyo, goti zisingemaliza saa yote, wangebaki na sekunde chache za kubutua mpira (kuupiga teke mbali kuwaachia wapinzani), kwaiyo kulikuwa na mjadala wa haki kabisa. Ya Miami haina mjadala. Ukiniambia mbio zingewapa dauni mpya nakuuliza dauni mpya ya kufanyia nini?

Wapo makocha wanaona goti kama uoga. Hata ligi ya wakubwa ilikuwa hivyo mpaka Novemba 1978, Giants wanaongoza sekunde za mwisho, kwotabeki akajaribu kumkabidhi mwenzake mpira badala ya kulala nao, ukawaponyoka, Herman Edwards wa Eagles akaudaka ukidunda akakimbia yadi 26 mpaka ndani, 19-17. Baada ya hapo timu zikawa na mpangilio maalum wa goti, wawili wamembana kwotabeki huku na huku na mmoja nyuma kabisa kama mlinzi wa usiku, ikitokea ajali awepo wa kukimbiza. Kwaiyo somo lina zaidi ya miaka 40 na bado watu wanarudia darasa.

Mbio unachagua lini? Wapinzani wakiwa na taimauti mbili tatu na saa imezidi namba ya kwenye friji. Hapo goti ni kujidanganya, unawapa mpira na muda. Na hata hapo mbio zina mitego, Januari 1, 2024 kwenye mechi ya Sugar Bowl Washington wanaongoza Texas, wanakimbiza mpira vizuri tu kuua saa, mkimbiaji akaumia, refa akasimamisha saa. Zawadi hiyo. Texas wakapata mpira wakafika mpaka mlangoni, pasi ya mwisho kabisa ndani ya boksi la kufungia beki akaigusa ikaanguka, Washington wakapona 37-31. Kocha hakukosea chochote pale na bado moyo ulisimama.

UKO NYUMA NA TAIMAUTI HUNA: KUBAMIZA, KUCHEZA, AU KUKIMBIZA KIKOSI CHA MATEKE?

Hii ndo naipenda kuliko zote.

Kubamiza ni kwotabeki anapokea mpira anautupa chini miguuni palepale, saa inasimama, unavuta pumzi, unalipa dauni moja. Kucheza ni kupanga mstari na kuanza mchezo mwingine mbio mbio wakati beki bado wanahema. Kikosi cha mateke ni ukiwa unahitaji fildi goli tu, unatoa watu 11 unaingiza wengine 11 saa ikiwa inakimbia. Sheria ya kukariri: tangu 2013 ukitaka kubamiza na bado ucheze mchezo mwingine lazima saa iwe na sekunde 3 au zaidi. Zikiwa 2 au 1 una mchezo mmoja tu, ukibamiza umejinyonga mwenyewe.

Desemba 1, 2012, fainali ya ligi ya vyuo ya SEC pale Atlanta, Alabama 32 Georgia 28. Georgia wametoka upande wao kule mbali bila taimauti wamefika yadi ya 8, sekunde 15. Dunia nzima inasubiri wabamize. Kocha Mark Richt hakubamiza, akaenda moja kwa moja mchezo unaofuata, pasi ikaguswa na mtu wa Alabama pale mbele, ikapotea njia, ikamfikia mchezaji wa Georgia ambaye hakuwa hata mlengwa, na yeye kwa silika tu akaidaka, akaanguka kwenye yadi ya 5 ndani ya uwanja. Saa ikala zilizobaki. Mechi imeisha mpira uko hatua tano toka golini. Alabama walienda kumpiga Notre Dame 42-14 wakachukua ubingwa wa nchi.

Watu walimkaanga Richt. Kijana wangu naye alimkaanga, mpaka tukahesabu. Ukibamiza kwa sekunde 15 unabaki na kama 13 na dauni tatu, unapata pasi mbili, labda ya tatu kwa bahati. Usipobamiza unawakuta beki hawajabadilisha watu, hawajapanga, na pasi ikianguka chini saa inasimama yenyewe bado una michezo kadhaa. Kilichomuua ni mtu kudaka mpira ambao ungeanguka angekuwa salama, yaani mdakaji kafanya kazi yake na ndo ikawa msiba. Mi bado ningebamiza, kwa sababu moja tu: huwezi kumfundisha mtu asidake. Lakini simuiti Richt mjinga, alikuwa na hesabu kichwani, tofauti na wa chini hapa.

Novemba 21, 2009, Oxford Mississippi, Ole Miss 25 LSU 23. LSU kocha Les Miles. Wameupiga mpira wa kuanzisha mfupi wakauwahi wenyewe, wanahitaji fildi goli tu, wanarudi nyuma badala ya kwenda mbele, na kati ya dauni ya tatu na ya nne saa ikala kama sekunde 17 kabla taimauti haijaitwa, watu pembeni wanaangaliana. Dauni ya nne, yadi 26 za kutafuta, wakarusha lile bomu na LIKADAKWA, karibu kabisa na goli. Sekunde 1. Saa imesimama kwa sababu ya dauni mpya. Kikosi cha mateke kingekuwa kimesimama tayari mguu mmoja uwanjani kingeingia kikapiga kikashinda, au kwotabeki angejirusha hata vyovyote. Kwotabeki akabamiza. Sekunde moja ikaisha na mpira chini, basi likaondoka na abiria wamesimama kituoni.

Huyu Miles ni darasa zima peke yake. 2007 nyuma 24-23 dhidi ya Auburn, fildi goli tu ingempa ushindi, akarusha pasi ya yadi 22 kwenye sekunde za mwisho, tachidauni imeingia ikiwa imebaki sekunde 1, watu wakamuita fundi, na msimu huo akachukua ubingwa wa nchi. 2010 na Tennessee saa ilimuisha wachezaji wanaingia wanatoka kama soko la Kariakoo, mechi ikawa imeisha kabisa, kumbe Tennessee kwa kuchanganyikiwa nao walikuwa na watu 13 uwanjani, LSU wakapewa mchezo mmoja wa bure wakashinda 16-14. Bahati hiyo. Septemba 24, 2016 Auburn tena, nyuma 18-13, tachidauni ya mwisho ikadakwa, wakashangilia, refa wakaangalia video, mpira ulianza kuchezwa saa ikiwa imeshasoma sifuri. Kesho yake kibarua kikaota nyasi. Ukiangalia hizo mechi nne kocha alifanya jambo lilelile mara zote, yaani aliiacha saa iamue, kilichobadilika ni matokeo tu.

Sasa weka pembeni yake TCU. Novemba 19, 2022, Waco, Baylor 28 TCU 26, TCU hawajafungwa msimu mzima. Hawana taimauti. Wako tayari eneo la fildi goli, dauni ya tatu, zimebaki sekunde chache, na kocha Sonny Dykes akaita nini? Mbio. Ndani ya uwanja! Mi nilishika kichwa, nikasema huyu naye ni walewale. Mkimbiaji akaangushwa, na kabla hajasimama vizuri unaona watu wanatoka kushoto wanaingia kulia, hakuna anayepiga kelele, hakuna anayeuliza nakaa wapi, mpiga teke anapima hatua zake, mpira nyuma, teke la yadi 40, ndani, saa sifuri. 29-28. Na Baylor hawakupata nafasi ya kuujibu maana hakuna sekunde iliyobaki. Baadaye ikajulikana hilo zoezi wanalifanya kila wiki, wamelipa na jina kabisa, bazuka.

Kwaiyo ukiniuliza kati ya hizi tatu ipi bora, jibu langu ni hili. Kama unahitaji tachidauni na una sekunde zaidi ya 10, bamiza. Kama zimebaki 3 mpaka 8 na uko karibu, cheza kwenda golini moja kwa moja, pasi iwe ndani ya boksi au nje ya uwanja, kamwe isiwe katikati. Kama unahitaji fildi goli, kikosi cha mateke ni silaha nzuri kuliko zote LAKINI tu kama mmeifanya mazoezini mpaka imechosha, usipoifanya ni fujo za LSU. Wanaocheza gemu, nyie kwa hii ya tatu hamna shida, mashine inawapangia watu.

SARE, SEKUNDE 1: TEKE LA MBALI, SALAMU MARIA, AU GOTI UENDE OVATAIMU?

Novemba 30, 2013, Auburn na Alabama, 28-28. Saa ilishasoma sifuri, Nick Saban akalalamika mchezaji wake alikanyaga nje kabla, refa wakaangalia video wakamrudishia sekunde 1. Angekaa kimya mechi ilikuwa inaenda ovataimu. Akatumia ile sekunde kumtuma mpiga teke kijana, yadi 57. Fupi. Chris Davis wa Auburn alikuwa amewekwa nyuma kabisa ndani ya boksi kwa kazi hiyo tu, akaudaka, akakimbia uwanja mzima, yadi 109, mpaka ndani. 34-28.

Linganisha. Goti: hatari sifuri, unaenda ovataimu una nafasi nusu kwa nusu, na Alabama walikuwa namba 1 nchini. Salamu Maria, yaani kurusha mpira juu mbali na kusali, unaweza kudakwa na beki lakini uwanjani una watu wepesi wa kumkimbiza. Teke la mbali: una watu wazito wa kilo 130 na kuendelea pale mbele kumlinda mpigaji, na mpira ukiwa mfupi unarudishwa kama kawaida, sasa nani atamkamata mtu wa mbio? Siku hiyohiyo Alabama walishapoteza mateke kadhaa, mmoja wa wapigaji hakupata hata moja. Mi ningerusha Salamu Maria. Sio kwa sababu najua kilichotokea, ni kwa sababu ya nani yuko uwanjani pale mpira ukigeuka.

UNAONGOZA, DAUNI YA NNE, SEKUNDE 10: KUBUTUA AU KUZURURA NA MPIRA?

Michigan, Oktoba 17, 2015, wanaongoza Michigan State 23-21, sekunde 10, katikati ya uwanja, yadi 2 za kutafuta. Jim Harbaugh akachagua kubutua. Uamuzi wa kawaida kabisa, makocha 9 kati ya 10 wangefanya hivyo. Lakini Michigan State hawakuweka mtu nyuma wa kupokea, wote walikuja kushambulia. Mbutuaji akapokea vibaya, mpira ukamponyoka, akajaribu kuuokota apige hivyohivyo, ukarushwa hewani mikononi mwa Jalen Watts-Jackson, yadi 38, saa imeisha akiwa anaingia. 27-23. Watts-Jackson mwenyewe aliumia nyonga kwenye mchezo huohuo, unafunga goli la maisha yako unaishia hospitali.

Kosa halikuwa kubutua. Kosa ni kwamba walipoona hakuna mpokeaji nyuma, wale wa pembeni waliopangwa kukimbia mbele kumkaba mpokeaji walikuwa wanaenda kumkaba nani? Warudi ndani walinde. Njia nyingine ni kwotabeki arudi nyuma, azurure sekunde 4 au 5, alafu aurushe juu mbali nje. Unawaachia sekunde chache na mchezo mmoja wa kusali. Mi nabaki na kubutua, ila watu wote 10 wamezunguka mbutuaji kama vifaranga na mama yao.

POINTI 1 AU 2?

Ukifunga tachidauni unachagua, teke la pointi 1 au mchezo mmoja wa kuingiza mpira tena kwa pointi 2. Hii fupi maana dunia yake imebadilika. Zamani vyuo vilikubali sare. Novemba 1966 Notre Dame na Michigan State 10-10, Ara Parseghian wa Notre Dame akapata mpira upande wake akaamua kuua saa, sare, alizomewa miaka na miaka, ila mwisho wa msimu Notre Dame ndo namba 1. Januari 2, 1984, Orange Bowl, Tom Osborne wa Nebraska nyuma 31-30 na Miami, sekunde 48, teke la pointi 1 lingeleta sare na karibu hakika ubingwa. Akaenda kwa 2. Pasi ikaguswa. Ubingwa ukaenda Miami. Mmoja alipata kombe na kuzomewa, mwingine alikosa kombe na kuheshimiwa mpaka leo, chagua unataka kulala na lipi. Tangu 1996 kuna ovataimu kwaiyo sare haipo tena, sasa hivi swali ni wewe dhaifu au mwenye nguvu. Ukiwa dhaifu maliza mapema, kama Boise State walivyofanya na Oklahoma Januari 2007, wakaenda kwa 2 ovataimu wakashinda 43-42.

WEWE NDO BEKI: CHEZA KWA HAKI AU TUMIA SHERIA?

Oktoba 12, 2024, Oregon 32 Ohio State 31, sekunde 10, Ohio State wana mpira wanahitaji yadi chache tu wapige teke. Oregon wakaingiza watu 12. Mtu mmoja zaidi wa kukaba, pasi ikaanguka, saa imekula sekunde 4. Refa akawapa Ohio State yadi 5 lakini sekunde 4 hazikurudi. Zikabaki 6, kwotabeki akakimbia akateleza chini akichelewa, saa imeisha. Hapa nyumbani siku hiyo hakukuwa na salamu, hii ni Ohio. Kocha Dan Lanning baadaye akaongea kwa namna ambayo kila mtu alielewa haikuwa bahati mbaya. Ndani ya siku chache wenye sheria wakabadilisha tafsiri, sasa baada ya ile dakika 2 beki wakizidi 11 aliyeonewa anaweza kudai saa irudishwe ilipoanzia.

Kijana wangu alisema ni wizi. Mi nikamwambia ni kusoma kitabu cha sheria kuliko mwenzako, alininunia mpaka Jumatatu. Ilimpita hasira Januari 1, 2025 Ohio State walipowapiga haohao Oregon 41-21 kwenye Rose Bowl wakaendelea mpaka ubingwa. Hata hivyo huo mlango umeshafungwa, kwaiyo kati ya hizi mbili siku hizi huna la kuchagua, cheza na watu 11 na tunza taimauti zako. Ukiwa beki na uko nyuma ziite mapema, kabla ya ile dakika 2, usisubiri.

Juzi kaja na swali, ameegemea friji anasoma ile karatasi. Mjomba, dauni ya pili, tunaongoza kwa pointi 4, wao wana taimauti mbili, imebaki dakika moja na sekunde 10. Nikamwambia soma mstari wa 45, toa 41. Akanyamaza kidogo. Zinabaki 4, akasema. Basi hapo hakuna goti, mpe mkimbiaji, na mwambie aukumbatie mpira kwa mikono miwili, na asitoke nje hata kama njia iko wazi.